Mmeishi pamoja bila cheti cha ndoa: haki zako kwenye mafao, nyumba na mirathi

Tuseme mwanaume ni fundi wa mashine katika kiwanda kimoja eneo la TAMCO, Kibaha. Anaishi Mlandizi na mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita mke wake. Wana miaka tisa pamoja, watoto watatu na nyumba ya vyumba vitatu waliyoijenga kidogo kidogo. Hawajawahi kwenda kwa shehe, kwa padri wala ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mwanaume anafariki kwa ajali ya pikipiki. Baada ya arobaini ndugu wanakaa kikao, wanampendekeza kaka wa marehemu awe msimamizi wa mirathi, na mwanamke anaambiwa: "Shemeji, wewe hukuolewa. Fedha za NSSF ni za watoto na za ukoo. Nyumba tutaangalia."

Je, ndugu hao wamesema kweli? Kuna walichosema sawa na kuna walichokosea, na makala hii inaeleza kipi ni kipi. Mfano ni wa kutunga, lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa nje ya mahakama ya mwanzo Pwani anajua kwamba habari za namna hii si ngeni. Watu wana majina mengi ya maisha haya: kuishi kinyumba, uchumba sugu, "sogea tukae". Sheria haitumii hata moja kati ya majina hayo, lakini inayo ya kusema.

Kwanza, una hakika hamjaoana?

Hili ni swali la kwanza kwa sababu wengi wanaojiita "hatujaoana" kisheria wameoana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inatambua ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila. Kama mlifungishwa nikaha nyumbani Maneromango mbele ya wali na mashahidi, halafu cheti hakikufuatwa, hiyo ni ndoa. Kama wazee wa pande mbili walikaa Kwala, mkafunga ndoa kwa mila zenu zote lakini hakuna aliyekwenda kuisajili, hiyo pia ni ndoa.

Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinasema kwamba ndoa iliyotimiza masharti ya lazima haibatiliki kwa sababu mahari hayakulipwa, wala kwa sababu haikusajiliwa. Ni kweli sheria inataka ndoa ya kimila isajiliwe ndani ya siku 30, lakini kuchelewa hakuifuti ndoa. Kunachokifanya ni kukuongezea mzigo wa kuithibitisha siku ukitakiwa. Kwa hiyo anayekwambia "mahari hayakuisha, basi wewe si mke" anakutisha tu. Muulize shehe aliyefungisha, watafute mashahidi wawili wangali hai, waandike majina yao na namba zao za simu leo. Mashahidi huzeeka na huhama.

Masharti ya lazima ni machache: hiari ya wote wawili, umri, kutokuwa na udugu wa damu unaokatazwa, na kutokuwepo ndoa nyingine inayozuia. Hilo la mwisho tutalirudia, maana ndilo huangusha madai mengi.

Miaka miwili haitoshi peke yake

Sasa tuje kwa wale ambao kweli hakuna nikaha, hakuna kanisa, hakuna wazee waliokaa. Kwao kuna kifungu cha 160, ambacho wanasheria hukiita dhana ya ndoa. Kinasema kwamba ikithibitika mwanaume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya watu wanaowazunguka wawaone kuwa mume na mke, mahakama itachukulia kwamba wameoana, mpaka atokee wa kuonyesha vinginevyo.

Mitaani kifungu hiki kimefupishwa vibaya. Utasikia: "Ukikaa naye miezi sita ni mkeo", au "Miaka miwili ikipita, ndoa tayari". Miezi sita haimo kabisa katika sheria. Na miaka miwili ni nusu tu ya jambo, kwa kuwa nusu ya pili ni sifa mbele za watu. Mwanaume mwenye chumba Kongowe anayekuja Jumamosi na kuondoka Jumapili, ambaye ndugu zake hawakujui na balozi hakujui, anaweza kufanya hivyo miaka mitano bila dhana ya ndoa kuzaliwa. Kinyume chake, wawili wanaolima shamba moja Msanga, wanaohudhuria misiba ya pande zote kama mkwe na shemeji, wanaoandikwa pamoja kwenye daftari la kitongoji, wana ushahidi mzuri.

Ukumbuke pia kwamba dhana hii inaweza kupingwa. Aliyeko upande wa pili anaweza kuleta ushahidi kwamba ndoa isingewezekana. Njia ya kawaida ni kuonyesha kwamba mmoja wenu alikuwa na ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa. Mwanaume aliyefunga ndoa kanisani mwaka 2004, akamwacha mke Iringa bila talaka ya mahakama, akaja kuanza maisha Visiga, hawezi kuwa na ndoa ya pili wakati ile ya kwanza ingali hai. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanamke ambaye ndoa yake ya awali haijavunjwa. Ndoa ya Kiislamu au ya kimila ambayo tangu mwanzo inaruhusu wake zaidi haimzuii mwanaume kwa namna hiyo hiyo.

Sehemu inayosahaulika ni kifungu kidogo cha pili. Hata pale mahakama inapokataa kwamba mlikuwa mume na mke, kama mliishi hivyo kwa miaka miwili au zaidi, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na yeyote kati yenu anaweza kuomba nafuu nyingine ambazo mahakama hutoa wakati wa kuvunja ndoa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua, katika shauri lililochapishwa kwenye Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka huo ukurasa wa 197, kwamba mgawanyo wa nyumba waliyoipata wakiishi pamoja ni moja ya nafuu hizo, ingawa dhana ya ndoa ilikuwa imepingwa na kushindwa. Uamuzi huo una zaidi ya miaka 30 na bado watu wanafukuzwa kwenye nyumba kwa neno "hukuolewa".

Mafao: hapa ndipo pagumu

Kabla ya yote, ujue mwenzako yuko mfuko gani. Wafanyakazi wa serikali, kwa mfano walimu wa shule za Kisarawe au wauguzi wa Hospitali ya Tumbi, wako PSSSF, mfuko ulioanza kazi Agosti 2018 baada ya kuunganishwa PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Wafanyakazi wa kampuni na viwanda binafsi wako NSSF, ambako hata mkulima au fundi aliyejiajiri anaweza kujiunga kwa hiari. Katika NSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara, ambao kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mfanyakazi na mwajiri. PSSSF mtumishi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza 15.

Mwanachama akifariki, sheria za mifuko zinaelekeza mafao kwa wategemezi: kwanza mume au mke na watoto, na kama hao hawapo, wazazi. Mwenza wa kuishi naye tu hana mstari wake mwenyewe. Hii ndiyo sehemu ambayo ndugu wa marehemu katika mfano wetu wako karibu na ukweli. Mfuko hauna kazi ya kuamua nani alipendwa na nani alipika. Ofisa wa dirishani hutazama karatasi: cheti cha kifo, hati ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho na akaunti za benki. Penye cheti cha ndoa ukiwa mikono mitupu, foleni yako inasimama.

Njia iliyobaki ni mahakama. Uamuzi unaosema kwamba wewe na marehemu mlikuwa katika ndoa, au kwamba wewe ni mjane wake, ndiyo karatasi yenye nguvu ya kupeleka kwenye mfuko. Barua ya mwenyekiti wa kijiji inasaidia kama ushahidi kortini, lakini haichukui nafasi ya uamuzi. Hati ya kiapo uliyoapa mwenyewe kwa wakili ni hivyo hivyo: ni maneno yako tu yaliyopigwa muhuri.

Vipi kuhusu fomu ambayo mwanachama alijaza akaandika jina lako kama mwenza? Ina faida kubwa. Ni marehemu mwenyewe akizungumza, kwa mkono wake, mbele ya mwajiri wake, kwamba alikuhesabu kuwa mke au mume. Hakimu atalipima hilo. Lakini usidhani kwamba jina kwenye fomu linafuta haki ya mke wa ndoa aliyeko Iringa au ya watoto wake. Mambo mengi ya aibu hujitokeza hapo: mfanyakazi alijaza fomu mwaka 2009 akaandika mke wa zamani, akahama, akaanza maisha mapya, hakuwahi kurudi kuibadilisha. Fedha hufuata karatasi ya zamani mpaka mtu aende mahakamani.

Kama kifo kimetokana na kazi, mashine imemkata au ameanguka kwenye jengo, kuna mlango mwingine kabisa: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Huo una malipo yake kwa wategemezi, mbali na ya NSSF au PSSSF. Familia nyingi hudai kimoja na kusahau kingine. Muulize mwajiri kama ametoa taarifa ya ajali kwa WCF, na uulize kwa maandishi.

Na mkiachana wote mkiwa hai? Usitegemee kwenda NSSF ukaomba umegewe michango ya mwenzako. Akaunti ni ya mwanachama. Lakini fedha zikishatoka, kiinua mgongo kikajenga nyumba au kikanunua shamba Vikumbulu wakati mkiishi pamoja, mali hiyo inaweza kuwekwa mezani siku ya kugawana, na mahakama itaangalia mchango wa kila mmoja.

Chako si urithi

Nadhani hapa ndipo akina mama wengi wanapotezwa, na kosa linaanzia kwenye neno moja. Mwanamke anakwenda mahakamani kudai "urithi". Upande wa pili unajibu kwamba si mke, na asiye mke harithi. Mjadala unaishia hapo.

Lakini sehemu ya nyumba uliyochangia kuijenga si urithi. Ni mali yako. Mtu akifa, kinachogawanywa ni kile kilichokuwa chake, na chako kinatengwa kwanza. Kwa hiyo katika mfano wetu, mwanamke wa Mlandizi ana madai mawili yasiyofanana. La kwanza: mimi ni mjane kwa dhana ya ndoa, nistahili nafasi ya mjane. La pili, ambalo linasimama hata la kwanza likianguka: nusu au robo au fungu fulani la nyumba hii ni langu kwa sababu nilichangia, hivyo msimamizi asiliorodheshe kama mali ya marehemu.

Mchango ni nini? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika kupata mali. Kabla ya hapo majaji walikuwa wamegawanyika. Wanaolitaja shauri hili mara nyingi huacha kusema kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona alipewa fedha na mumewe akazitumia vibaya. Wala shauri hilo halikusema kila mtu apate nusu. Mahakama hupima nani alitoa nini. Ndiyo maana risiti ya saruji yenye jina lako, ujumbe wa M-Pesa au Tigo Pesa uliomtumia fundi, daftari la VICOBA linaloonyesha mkopo ulionunulia bati, vyote vina thamani kuliko maelezo marefu. Usiufute ujumbe. Piga picha kioo cha simu, tuma kwa mtu unayemwamini, maana simu huibiwa.

Kwa upande wa urithi wenyewe, inategemea sheria ipi itatumika. Tanzania Bara ina njia tatu: sheria ya Kiislamu, sheria za mila, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 tuliyorithi kwa mkoloni. Mahakama huangalia maisha ya marehemu yalikuwaje. Pwani, marehemu wengi ni Waislamu, na kwa sheria ya Kiislamu mjane hupata thumni akiwa marehemu ameacha watoto, na robo akiwa hakuacha. Pasipo nikaha, mwanamke hayumo katika warithi. Mila zilizoandikwa mwaka 1963 ni ngumu zaidi: mjane ambaye marehemu ameacha watoto hana fungu lake, hutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliitaka Tanzania ibadilishe kanuni hizo baada ya wajane wawili kulalamika. Jambo la kuangalia kwa watu wa Kisarawe ni kwamba kanuni hizo ziliandikwa kwa kufuata makabila yenye ukoo wa baba, ilhali Wazaramo kwa asili walihesabu ukoo upande wa mama na mjomba alikuwa na sauti kubwa. Mtu akikuambia "mila inasema", muulize mila ya nani.

Watoto wana mlango wao

Haki ya mtoto haisubiri kesi ya mama. Mama akishindwa kabisa kuthibitisha kuwa mke, watoto bado ni watoto wa mwanachama, na mafao ya wategemezi yana nafasi yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya kuzaliwa kwake, na inakataza kumnyima mtoto kufaidika na mali ya mzazi wake.

Kinachotakiwa ni kuthibitisha baba ni nani. Cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba ndicho chepesi. Kama hakipo, mahakama inaweza kuangalia kama baba alimtambua mtoto hadharani, kama zilifanyika mila za kumtambulisha, au ikaamuru kipimo cha vinasaba. Watoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa kupitia mpango wa RITA katika vituo vya afya na ofisi za kata. Mkubwa zaidi, nenda ofisi ya RITA ya wilaya. Fanyeni hivyo wakati baba yupo, ataje jina lake mwenyewe.

Kwa Waislamu kuna jambo la kusema wazi. Katika mirathi ya Kiislamu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hahesabiwi kuwa mrithi wa baba. Baba anayelijua hilo na kuwapenda wanawe ana njia mbili za wazi: kuwapa mali akiwa hai, au kuwausia, wosia usiozidi theluthi moja ya mali yake.

Kikao cha ukoo na mahakama ya mwanzo

Mirathi ya Kiislamu na ya kimila hufunguliwa mahakama ya mwanzo ya eneo alikoishi marehemu. Anayeomba hujaza Fomu namba 1, mahakama hutoa tangazo, na asipopingwa hupewa Fomu namba 4 inayomtambulisha kuwa msimamizi. Ndani ya miezi minne anatakiwa kurudisha orodha ya mali na hesabu ya alivyogawa.

Mambo matatu hapa yamewaponza wengi. Kwanza, muhtasari wa kikao cha ukoo ni desturi nzuri, mahakama huuomba, lakini sheria haisemi kwamba ukoo usipokukubali huwezi kufungua mirathi. Mwenye maslahi katika mali ya marehemu anaweza kwenda mwenyewe. Pili, msimamizi si mrithi. Kaka wa marehemu aliyeshika Fomu namba 4 ameshika jukumu, hakushika mali. Akiuza nyumba na kula fedha anaweza kushtakiwa na kuondolewa. Tatu, muda wa kuweka pingamizi ni wakati tangazo liko ukutani. Nenda mahakamani mapema baada ya msiba, uliza karani kama kuna shauri la mirathi kwa jina la marehemu, soma ubao wa matangazo. Ukisubiri mpaka gari la kuhamisha vyombo lifike, umechelewa ingawa hujapoteza kila kitu.

Ushahidi baada ya kifo ni mgumu kwa sababu mmoja wa wawili hayupo kusema. Walete watu wasio na faida katika kesi: jirani wa muda mrefu, mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu aliyewaona wote wawili kwenye vikao vya wazazi. Kadi ya kliniki yenye jina la baba. Fomu ya hospitali ambako wewe ndiye uliyeandikwa kuwa ndugu wa karibu. Picha za msiba wa mama yake ukiwa umekaa na wakwe.

Mkiwa wote hai na mnaachana, njia ni nyingine: anzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa katika kata yenu, au la BAKWATA au kanisa kama mko chini yake. Sheria inataka baraza lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana kabla ya ombi la talaka kufika mahakamani, na hata anayetegemea kifungu cha 160 ni busara awe na hati hiyo mkononi asije akarudishwa.

Mkiwa bado mnakula sahani moja

Wapo wanaoweza kuoana na hawajaoana kwa sababu ya gharama. Harusi ni ghali, ndoa si ghali. Ndoa ya kiserikali hufungwa na msajili ofisi ya Mkuu wa Wilaya, baada ya kutoa notisi ya siku 21. Hakuna ukumbi, hakuna kamati, hakuna sare. Kibaha ofisi iko mjini, Kisarawe iko pale Kisarawe mjini pia. Ukitazama kinachopotea siku ya mirathi, nauli ya bodaboda kutoka Mzenga ni bei rahisi sana.

Wapo wasioweza, kwa sababu ndoa ya zamani haijavunjwa. Hao wana kazi mbili: kuivunja rasmi mahakamani, na wakati huo kuandika mambo yao. Shamba na kiwanja viandikwe kwa majina yote mawili. Hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa kijijini inaweza kubeba majina ya watu wawili, na ni vizuri kuandika fungu la kila mmoja. Mkataba wa kununua kiwanja Soga ukiwa na jina moja na sahihi moja, kesho utasomwa hivyo hivyo.

Kisha wosia. Kwa sheria za mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mashahidi wawe wanaojua kusoma na kuandika. Anayeachiwa mali asiwe shahidi. RITA huandaa na kuhifadhi wosia kwa wanaotaka. Wosia unaweza kumtaja mwenza asiye wa ndoa, ingawa kwa Mwislamu ukomo ni ile theluthi.

Na fomu ya mfuko wa pensheni: nenda kaangalie imeandikwa nani. Ni safari ya siku moja.

Kwa jirani

Kenya nako kuna dhana ya ndoa, ila Mahakama ya Juu ilibana mlango wake Januari 2023. Wawili walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka 20, lakini mwanamke alikuwa na ndoa ambayo haijavunjwa, na mahakama ikasema hapakuwa na ndoa. Hata hivyo mali haikwenda kwa mmoja: mwanamke alipewa asilimia 70 na mwanaume 30 kwa kupima michango yao. Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi. Tarehe 31 Desemba 2021 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mwenza wa kudumu asiye na cheti anaweza kurithi mwenzake aliyefariki bila wosia. Sisi hatujafika huko. Na Zanzibar, Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, hivyo kifungu cha 160 usivuke nacho bahari.

Pa kuanzia

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako au wa halmashauri, ndiye anayewajua walioandikishwa wilayani. Vyama kama TAWLA na WLAC navyo hutoa ushauri kwa wanawake bila malipo. Jihadhari na vishoka wanaozunguka nje ya ofisi za mifuko na mahakama wakiahidi "kuharakisha mafao" kwa asilimia fulani. Madai ya mafao hayana dalali.

Siku ya kwanza beba nakala za kila ulicho nacho: kitambulisho cha NIDA, vyeti vya watoto, cheti cha kifo, namba ya uanachama ya marehemu au hati yake ya mshahara, risiti, picha, majina ya mashahidi na simu zao. Halisi ziache mahali ambapo mtu mwingine hawezi kuzichukua, na si lazima iwe ndani ya nyumba inayogombaniwa.